Feni Haizimi? Acheni Kukimbilia Mein Swichi!

Huku Nyanda za Juu baridi ndo hiyo. Mbeya tunalala na masweta, na washikaji wa Iringa wanasema kwao ni hivyo hivyo. Leo nina jambo limenikaa kooni, naomba nilitoe.

Kuna tabia imeota mizizi vyuoni. Feni ya kiyoyozi cha maabara ya kompyuta ikigoma kuzima, dawa ni moja tu: mtu anakwenda ukutani anashusha mein swichi. Kesho kikiwashwa tatizo liko pale pale, jioni mein inashushwa tena. Mwezi unapita hivyo, halafu anakuja fundi, anaangalia dakika tano, anasema "hii imekufa, nunueni mpya". Na wanaosomea umeme wamejaa chuo kizima! Mimi nasema hapana. Feni isiyozima haina uchawi, ina maswali matatu tu.

Swali la kwanza: je, inamalizia kazi yake? Projekta mnaijua wote. Ukiizima, mwanga unapotea lakini feni inaendelea kuvuma kidogo kwa sababu balbu bado ya moto. Gari dogo limepandisha Kitonga, dereva anazima injini Ilula, na kwenye baadhi ya magari feni ya rejeta inaendelea kuzunguka. Hakuna anayeita fundi. Hita nyingi zenye feni, na viyoyozi vilivyokuwa upande wa joto, navyo hufanya hivyo ili kutoa joto lililobaki ndani. Viyoyozi vingine vya siku hizi vikitoka kwenye ubaridi hujikausha ndani visiote ukungu. Subiri robo saa. Ukikata umeme wa hita wakati huo, joto linafungiwa ndani na fyuzi yake ya joto inaweza kuungua. Yaani hiyo mnayoiita dawa ndiyo inayoua mashine.

Swali la pili: rimoti inasema nini? Jiji la Mbeya liko kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Asubuhi ya Juni au Julai chumba kinaweza kuwa nyuzi 16 au 17. Mtu kaweka alama ya theluji, nyuzi 24, kama yuko Kariakoo! Kompresa haitawaka, maana chumba kina baridi kuliko alichoomba. Lakini kwenye viyoyozi vingi feni ya ndani imeundwa iendelee kuzungusha hewa. Basi tunapigwa upepo, tunatetemeka, tunasema mashine imegoma. Haijagoma, inatii amri. Kwa mitambo mikubwa yenye kidude cha ukutani, angalia swichi ya feni: ikiwa kwenye "ON" itavuma usiku kucha, irudishe kwenye "AUTO".

Swali la tatu: ukibonyeza kuzima, inaitika? Isipolia "pii", badilisha betri za rimoti, au tumia kitufe kilichopo kwenye mashine yenyewe. Ikilia, taa ikazimika, umesubiri na feni bado inazunguka, hapo ndipo kuna ubovu. Mara nyingi mtuhumiwa ni rilei, ile swichi inayovutwa na sumaku ya umeme. Midomo yake ikipigwa cheche muda mrefu huyeyuka na kushikana kama imechomelewa. Mashine inaamuru "zima", umeme unapita tu. Kwenye viyoyozi vingine kazi hiyo hufanywa na kipande cha elektroniki kwenye bodi, nacho kikipiga shoti matokeo ni yale yale. Fundi anakata umeme, anapima kwa mita. Rilei ya feni isiyovutwa haitakiwi kupitisha. Ikipitisha, jibu limepatikana. Rilei ni kidude kidogo kuliko kiberiti. Kununua kiyoyozi kipya kwa ajili yake ni sawa na kubomoa nyumba kwa sababu kitasa kimekwama.

Najua kuna watakaosema "umeme si mchezo". Kweli kabisa, volti 230 hazina urafiki, bodi aifungue mwenye ujuzi. Lakini maswali mawili ya kwanza yanahitaji bisibisi gani? Na mein nayo ina siku yake. Ukisikia harufu ya kuungua, ukiona moshi, feni ya hita imesimama huku waya bado mwekundu, au mashine ya nje haisimami mpaka mabomba yanaganda barafu, shusha hapo hapo, usingoje mtu.

Wengine watasema "umeme wa chuo, unawawasha nini?" Haya tupige hesabu. Feni peke yake ikila wati 40, usiku na mchana haifiki yuniti 1. Lakini kompresa ya kilowati 1 ikikwama nayo kwa saa 10, hizo ni yuniti 10. Waliopanga mtaani na LUKU zao wanajua yuniti 10 ni nini. Na chuo kinalipa kwa hela za nani kama si ada zetu?

Ninachotaka ni kidogo. Karatasi yenye maswali haya matatu ibandikwe chini ya kila kiyoyozi. Kuwe na daftari la hitilafu mlangoni, tujue feni ilianza lini na nani aliitazama. Na wanafunzi wa umeme wa mwaka wa mwisho waruhusiwe kupima, fundi wa chuo akiwa amesimama pembeni. Kama hatuwezi kutafuta ubovu wa feni tukiwa chuoni, huko kazini tutatafuta wa nini?

Nawasilisha. Mnaobisha karibuni, ila njooni na hoja, mein swichi iacheni ukutani.