Paka wa Staa Haponi Mafua, Ila Kopo la Unga Linauzika

Kuna staa mmoja wa mjini, jina liwekwe kapuni maana wa kumjua wameshamjua, ambaye paka wake anapata lakes kuliko wasanii wachanga wa Bongo. Paka mweupe, manyoya kama pamba, kola inang'aa. Tatizo lake ni moja tu: mafua hayaishi. Ikipita miezi miwili mitatu, chafya zinaanza, macho yanajaa tongotongo, pua inaziba, chakula hagusi. Akipata nafuu tu, staa anaposti kopo la unga wa lisini, anasema ndio umemponya mwanaye, na linki ya kununua iko hapo hapo chini.

Sasa hizo posti haziishii Masaki. Zimefika mpaka Ngara, kwa mdada anayeuza mawigi kwa simu, na yeye paka wake anaumwa hivyo hivyo. Mdada kaagiza kopo Dar, likapandishwa basi, likapita Kahama, likashushwa Benaco, akalifuata kwa bodaboda. Mtaji wa wigi zima umeishia kwenye kopo la paka. Mama yake kule Biharamulo kacheka mpaka machozi, maana kwake paka kazi yake ni kulinda mahindi na maharage yasiliwe na panya, mambo ya dozi asubuhi na jioni anayasikia leo. Ila kumcheka binti sio haki. Anampenda mnyama wake na ameamini mtu mwenye jina. Wa kuulizwa ni huyo mwenye jina.

Mafua haya ya kurudi-rudi mara nyingi yanaletwa na virusi, na wawili ndio vinara: hepesi ya paka na kalisi. Hepesi akishaingia hatoki. Anajificha kwenye mishipa ya fahamu, na paka akipata presha (kuhama nyumba, kuletewa paka mwingine, kuachwa kwa jirani wiki nzima) anaamka tena. Halafu mara nyingi moto unashuka wenyewe ndani ya wiki moja au mbili. Hapo ndipo biashara ilipo! Unga unapewa siku ya tatu, paka anapata nafuu siku ya kumi, sifa zote zinakwenda kwa kopo. Angepewa maji matupu angepona siku hiyo hiyo, na maji yangeitwa dawa.

Na hii lisini sio kwamba haijachunguzwa. Wazo lilikuwa kwamba inamnyima kirusi kitu kinaitwa ajinini anachohitaji ili azaliane. Mwaka 2015 watafiti wawili, Bol na Bunnik, walipitia tafiti zilizokuwepo na kuchapisha majibu kwenye jarida la BMC Veterinary Research: haifanyi kazi kwa paka, watu waache kuwapa. Baadhi ya tafiti walizopitia zilionyesha hata paka waliokuwa wanapewa kuzidiwa zaidi. Isitoshe, paka mwenyewe anaihitaji hiyo ajinini kuliko wanyama wengi. Ni zaidi ya miaka kumi sasa, na kopo bado linapigiwa promo kana kwamba limegunduliwa jana.

Sio kwamba lishe haina maana. Paka anayelala na ugali na mchuzi peke yake anakosa taurini, ambayo ipo kwenye nyama na samaki. Ila hiyo inatibiwa na dagaa wa ziwani, wasio na chumvi wala kitunguu, na dagaa hawaagizwi Dar. Tena paka mwenye mafua hasikii harufu, ndio maana anasusa. Chakula kikipashwa moto kidogo harufu inapanda, anakula. Pua na macho yanafutwa kwa kitambaa safi na maji ya uvuguvugu. Kitanda chake kinatolewa jikoni kwenye moshi wa kuni. Akikaa siku mbili hajala, au anahema kwa shida, hapo ni daktari wa mifugo, hakuna mjadala.

Cha kutisha zaidi ni ushauri unaomwagwa kwenye komenti za hizo posti. Mmoja anasema mpe nusu Panadol. Panadol inaua paka, jamani, hata kidonge kimoja kinatosha. Mwingine anasema mpake Vicks kifuani, na kafuri iliyomo ni sumu kwake. Wengine bado wako na mambo ya 2020, nyungu na kitunguu saumu, wakati kitunguu saumu kinaharibu damu ya paka. Yupo pia anayemeza kopo la antibiotiki ya kuku na kumgawia. Kama kuna bakteria wamedandia juu ya virusi, dawa zipo, ila ipo hata ile ambayo kidonge kikimezwa kikavu kinaunguza koo la paka. Ndio maana kuna watu wamesomea miaka mitano pale SUA Morogoro.

Staa hajawahi kugusia chanjo hata siku moja. Ipo ya paka, inakinga hao virusi wawili pamoja na ugonjwa mwingine hatari wa tumbo. Haimzuii paka kuambukizwa kabisa, ila akiugua anaugua kidogo, na kwa aliyeko Dar kuipata kliniki sio mtihani. Kwa mdada wa Ngara ni safari nyingine. Angeanzia kwa afisa mifugo wa wilaya, amuulize inaagizwaje, na ile hela ya kopo na nauli ya mzigo ingeanzia hapo.

Haya, staa, wafuasi wanasubiri. Kadi ya chanjo ya huyo mtoto iko wapi, na kwenye kila kopo linalonunuliwa kwa hiyo linki wewe unabaki na shilingi ngapi?