Redio Taifa, tupeni siku moja tuongee

MNAMO Julai 5, 2024 Rais William Ruto aliingia kwenye X Space kujibu maswali ya vijana. Zilikuwa zimepita siku kumi tangu waandamanaji waingie Bungeni, na hasira ilikuwa bado mbichi. Zaidi ya watu laki moja walisikiliza. Hakukuwa na picha wala muziki. Ilikuwa sauti tu: mmoja anauliza, mwingine anajibu, wa tatu anarudisha swali kwa sababu hakuridhika na jibu. Waliotekwa nyara wako wapi? Nani aliagiza risasi zitumike? Ushuru wetu unaenda wapi?

Sasa ondoa jina la ile kampuni, uondoe simu janja na bando, kisha ujiulize kile kilikuwa kitu gani. Ilikuwa redio. Ni kipindi cha mjadala kile kile ambacho wazazi wetu wamekijua tangu utotoni, ila tu kilikuwa kimevaa nguo mpya.

Tunaanzia hapo kwa sababu kwa miaka mingi tumeambiwa vijana wa mjini hawana masikio. Eti hatuwezi kufuatilia kitu kinachozidi nusu dakika. Eti bila ngoma na vichekesho tunabonyeza na kwenda. Mwaka ule wa 2024 uliuvunja uongo huo. Wasee walikaa kwenye Space hadi usiku wakisomeana Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu. Wengine waliutafsiri kwa lugha za mama na kuupandisha TikTok ili nyanya kijijini naye aelewe. Mtu asiyependa mazungumzo hafanyi hivyo.

Msimamo wetu ni huu: Redio Taifa ya KBC itenge siku moja nzima, tangu alfajiri hadi saa sita usiku, isicheze wimbo hata mmoja. Iongee. Wanaoongea wawe ni vijana wa nchi hii na wale walio na majibu ya maswali yao, na yote yatoke hewani moja kwa moja, bila kurekodiwa jana na kukatwakatwa asubuhi.

Mtu atauliza, kwa nini KBC? Si FM zimejaa mjini kama kunguru? Ni kweli zimejaa, na baadhi yake zimefanya kazi ya maana. Lakini sikiliza vile gumzo la asubuhi linavyoenda kwenye matatu. Nani kafumaniwa na nani. Mwanamume asiye na gari anastahili kupendwa? Mke akipata doo kukuliko wewe utafanyaje? Vicheko vinauza matangazo, kwa hivyo vicheko vinaendelea. Wakati mwingine vinapita mpaka: Machi 2021 watangazaji wa kituo kimoja cha kibinafsi jijini walikaa hewani wakimlaumu mwanamke aliyekuwa amesukumwa kutoka ghorofani, hadi Mamlaka ya Mawasiliano (CA) ikasimamisha kipindi chao na kukitoza kituo faini. Kituo cha kibinafsi kinajibu kwa mwenye kampuni na kwa anayelipia tangazo. Redio ya umma inajibu kwetu. Angalau ndivyo Katiba inavyosema.

Na Katiba imesema waziwazi. Kifungu cha 34(4) kinataka vyombo vyote vya habari vya serikali viwe huru kuamua vitangaze nini, visiegemee upande wowote, na vitoe nafasi ya haki kwa maoni tofauti na ya wanaopinga. Soma tena hapo mwisho: ya wanaopinga. Kwa hivyo tunachoomba si hisani ya mkurugenzi fulani mwenye moyo mzuri. Ni deni la tangu 2010.

Kuna sababu nyingine ambayo watu wa bando hawaioni haraka. Space ya saa tatu inakula data. Redio haili chochote. Kabambe ya bei ya chini kabisa dukani huja na FM ndani. Unachomeka waya wa earphone uwe antena na mambo yanaenda. Ndiyo maana askari wa usiku pale getini Kilimani ana redio, fundi wa viatu anayo, mama mboga anayo chini ya meza karibu na sukuma. Vijana wengi wa nchi hii hawako X. Wako kwenye boda, kwenye mjengo, kwenye shamba la chai, na hawakusikika kwenye ile Space kwa sababu hawakuwa na namna ya kuingia. Hapo ndipo KBC inawapiga chenga wote. Mbali na Redio Taifa ina vituo vya lugha kama Mayienga, Kitwek, Minto, Ingo, Coro, Pwani na Iftiin. Kijana wa Garissa na wa Kisii wanaweza kusikizana siku hiyo hiyo kupitia taasisi moja. Hakuna mtandao wa Marekani utakaowafanyia hivyo bure.

Wala tusiambiwe mitambo haiwezi. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, masomo ya KICD yalipitia redio hiyo hiyo, na watoto wasio na intaneti wakasoma wakiwa wamezunguka redio ya nyumbani. Nafasi hewani ilipatikana. Ilipatikana kwa sababu kuna mtu mkubwa aliyeamua kwamba jambo hilo lina uzito.

Kinachozuia tunakijua, na tukitaje: woga. Redio ya taifa ilizaliwa upya chini ya serikali mwaka 1964 ikiitwa Sauti ya Kenya, na kwa muda mrefu sauti hiyo ilikuwa ya mtu mmoja na chama kimoja. Wanajeshi walipojaribu kupindua serikali Agosti 1, 1982, walijua pa kukimbilia. Walimtoa Leonard Mambo Mbotela nyumbani kwake wakampeleka studio awasomee tangazo. Baadaye siku ile ile aliyeshika maikrofoni alikuwa upande wa serikali. Jina la KBC lilirudi mwaka 1989, lakini ule mkunjo wa mwili wa mtu aliyewahi kusoma akiwa ameelekezewa bunduki haukuondoka na kibao cha zamani.

Mbotela huyo huyo, aliyefariki Februari 2025, ndiye aliyetuachia ushahidi kwamba mazungumzo ya kawaida yanaweza kubeba kipindi kwa miaka zaidi ya hamsini. Je, Huu ni Uungwana? kilianza mwaka 1966 na hakikuwa na siri yoyote. Alichukua tabia moja ya watu, akaieleza, akauliza kama ni ungwana. Taifa zima likacheka na kujikuna. (Tungelipa pesa kumsikia akiwazungumzia wanaofungua Space kwa sauti kubwa ndani ya matatu ya saa kumi na mbili asubuhi.)

Hebu basi tuiangalie siku yenyewe. Ianze saa kumi na moja alfajiri na wanaotembea kwa miguu kutoka Mukuru na Kibera kwenda viwandani, wale wanaosimama kwenye geti wakingoja kuchaguliwa vibarua. Wasimulie wenyewe wanalipwa ngapi na wanakatwa ngapi. Asubuhi aitwe mtu wa wizara aeleze ufadhili wa chuo kikuu, ule mfumo ulioanzishwa 2023 na ukaishia kortini, na aelezwe pia na mwanafunzi aliyewekwa kwenye kundi la wenye uwezo ilhali nyumbani kwao wanakula mara moja. Mchana uwe wa kazi za mtandaoni na ushuru wake. Jioni, watu wakiwa njiani, iwe zamu ya polisi na usalama. Usiku wa mwisho uachwe wazi kwa yale watu husema gizani tu: mawazo mazito, pombe, kamari, upweke wa bedsita.

Hiyo ratiba si msahafu, anayeweza kuipanga vizuri zaidi aipange. Tunaloshikilia ni namna ya kuiendesha, maana hapo ndipo siku itafaulu au itakufa.

La kwanza ni simu. Kila kituo nchini kina wasikilizaji sugu wanaopiga kila siku, wanajulikana kwa majina ya kishujaa, na laini zikifunguliwa wao ndio wa kwanza. Hatuna ubaya nao, lakini siku hii si yao. Kijana asiye na kredo hawezi kushindana na mtu aliye na simu tatu mezani. Nambari iwe ya bure, au mtu apige flashi na studio impigie. Mpokeaji simu aulize swali moja kabla ya kumweka hewani: umewahi kuongea redioni? Asiyewahi apite mbele.

La pili ni wakubwa wanaotuma udhuru. Waziri amealikwa, amekubali, kisha asubuhi ile ana mkutano wa dharura. Tunaijua hiyo script. Dawa yake ni rahisi: kiti chake kikae kitupu na mtangazaji akitaje kila nusu saa. Waziri fulani alialikwa, hajafika, swali lilikuwa hili. Bila matusi na bila kejeli. Kisha aendelee na anayefuata.

Lugha nayo. Msee akipiga simu aseme mbogi yake haijawai omoka tangu kanjo wachukue mali yao, mtangazaji asimrekebishe hewani. Tunasema hivi tukiwa chini ya paa la gazeti la Kiswahili ambalo wahariri wake hawalali kwa ajili ya herufi moja. Kiswahili sanifu kina pahali pake na tunakipenda. Ila mtu akisahihishwa sarufi katikati ya kueleza vile alinyang'anywa bidhaa zake, atakata simu, na wenzake waliokuwa foleni watakata pia. Kama mzee wa Voi hajaelewa, mtangazaji amfasirie kwa sentensi moja. Hiyo ndiyo kazi yake.

Na studio itoke nje ya Harry Thuku Road. Kipindi cha BBC kiitwacho Any Questions?, kilichoanza mwaka 1948, huenda miji tofauti ya Uingereza, kikakaa kwenye ukumbi, na wenyeji wakawauliza wanasiasa maswali uso kwa uso. Halafu kuna kipindi kingine cha wasikilizaji kujibu yaliyosemwa. Hakuna uchawi hapo. Ni meza, maikrofoni nne na gari la mitambo. Social hall ya Kaloleni ipo, na kumbi za Kisauni na Kondele hazikosekani.

Watakaopinga watasema laini zikifunguliwa hivyo, matusi na uchochezi vitaingia. Hofu hiyo ina msingi na tusiidharau. Nchi hii inajua redio inavyoweza kuchoma nyumba za watu. Lakini vituo duniani kote huchelewesha sauti kwa sekunde chache ili mtayarishaji aweze kukata neno kabla halijatoka. Mtangazaji aliyejiandaa anajua kumzima mchochezi bila kumzima mkosoaji. Kuna tofauti kubwa kati ya hao wawili, ingawa wakubwa wengi hujifanya hawaioni. Juni 25, 2025 CA iliamuru vituo viache kuonyesha maandamano moja kwa moja, baadhi ya vituo vikazimwa mitambo, na Mahakama Kuu ikabidi isimamishe agizo hilo. Kwa hivyo mtangazaji wa KBC anayesita kufungua laini si mwoga wa bure. Ana mshahara na watoto. Bodi inayomtuma hewani siku hiyo imwandikie barua kabla, isemayo hatafukuzwa wala kuhamishwa kwa swali alilouliza au simu aliyopokea. Bila barua hiyo, yote tuliyoandika juu ni porojo.

Pesa hatutazitolea jasho. KBC imebeba deni la mkopo wa Japani tangu miaka ya themanini, na siku moja yenye matangazo machache haitaizamisha zaidi ya ilivyo.

Kuna neno pia kwetu sisi vijana. Maoni tofauti maana yake ni pamoja na yale yasiyotufurahisha. Atapiga simu mzee wa Nyeri aseme maandamano yalimharibia biashara. Atapiga polisi kijana, rika letu, aseme analala kwenye kibanda cha mabati. Atapiga msichana aseme wale wanaume waliokuwa mstari wa mbele naye barabarani ndio walimshika shika kwenye umati. Tukianza kuwafokea tutakuwa tumefanya kazi ya CA bila kulipwa.

Siku ya Redio Duniani huwa Februari 13, na tarehe hiyo ingefaa. Isipokuwa hiyo, iwe nyingine, bora ifike kabla ya joto la uchaguzi wa Agosti 10, 2027, kwa sababu kampeni zikishika kila kiti cha studio kitakuwa na mwenyewe. Nambari ya simu ya bure itangazwe wiki mbili mapema, isomwe polepole na irudiwe mara mbili, kwa wale wanaoiandika mkononi kwa kalamu.