Mwanafunzi mwenye njaa si mwombaji: tufungue depo yetu ya chakula

Wandugu vijana wa Kindu,

Tuache kudanganyana. Katika mji huu kuko wanafunzi wanaoingia darasani asubuhi bila kukula kitu tangu jana. Nawajua, kwani nilikuwa mmoja wao. Mwaka wangu wa mwisho, kamarade mmoja alikuwa ananiita kwenye sahani yake, na mimi kila mara najibu: « Nimeshakula. » Nilikuwa naona haya. Siku moja yeye mwenyewe akaanguka katikati ya mtihani. Hapo njo tukajua kwamba ile sahani aliyokuwa ananiitia ilikuwa moja tu kwa siku mbili.

Wanafunzi wa UNIKI, wa ISP na wa vyuo vingine wanatoka Kasongo, Kabambare, Kibombo, Pangi, Punia, Lubutu, Kailo. Mzazi anatuma gunia la mchele ao la mihogo kwa pikipiki, kwa mtumbwi, ao kwa treni siku inapopita. Mvua ikikata barabara, gunia halifiki. Lakini mwenye nyumba hangoji, na makuta ya masomo hayangoji. Kitu cha kwanza mwanafunzi anakata ni chakula. Na hii ni Maniema, jimbo linalolima mchele!

Pendekezo langu ni moja: tufungue depo ya chakula ya wanafunzi, na tuiendeshe sisi wenyewe. Si ndoto. Mwaka wa 1993, wanafunzi wa Michigan State University kule Marekani walianzisha depo ya namna hiyo, wakiiendesha wenyewe. Kama kwa matajiri mwanafunzi anaweza kulala njaa, sisi tunaona haya ya nini?

Tupige hesabu. Tuanze na wanafunzi 20. Kila mmoja apate kwa juma kilo 2 za mchele na kilo 1 ya karanga ao maharagi. Kwa majuma 4, mchele ni kilo 160: magunia matatu ya kilo 50, na kilo 10 juu yake. Tunaojua likelemba tunajua kuchanga. Wakati wa mavuno, familia inaweza kutoa kopo moja moja. Mama wa sokoni anaweza kutoa kidogo anachoweza. Chumba kiwe kikavu, magunia yawekwe juu ya mbao, yasiguse chini wala ukuta, kwani unyevu wa Kindu na panya havina huruma. Mchele ulioingia kwanza utoke kwanza.

Lakini chakula si kazi ngumu. Kazi ngumu ni kuaminiana. Kwa hiyo mimi naomba sheria nne, tangu siku ya kwanza:

1. Hakuna kupiga picha mtu anayepokea. Hata moja.
2. Kila kilo inayoingia na inayotoka iandikwe kwenye daftari, na daftari lisomwe mbele ya watu wote kila Jumamosi. Majina ya wanaopokea yabaki siri.
3. Kufuli mbili, funguo kwa watu wawili tofauti, na wabadilishwe kila miezi mitatu.
4. Mwanasiasa akileta gunia, tunapokea gunia, tunaandika kilo. Fulana yake na kamera yake vibaki nje.

Ile sheria ya kwanza njo inaniuma zaidi. Mtu akijua atapigwa picha, atasema kama mimi: « Nimeshakula. » Na depo itajaa mchele, watu wakizidi kuanguka.

Wakamarade wengine wananiambia: « Unafanya kazi ya Leta. Tukilisha wanafunzi, serikali italala. » Naelewa hofu hiyo. Tarehe 4 Juni 1969, wanafunzi wa Lovanium waliandamana Kinshasa wakidai, kati ya mengine, bourse iongezwe. Askari waliwapiga risasi, wengine wakafa. Tumbo la mwanafunzi ni siasa tangu zamani. Na Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 47, inasema usalama wa chakula ni haki inayohakikishwa.

Lakini mtu mwenye njaa haandamani mbali. Na lile daftari letu litakuwa pia silaha. Siku tutakapoenda kwa gavana na kwa wabunge, hatutasema tu « wanafunzi wanateseka ». Tutaweka daftari mezani: juma hili walikuja wangapi, tulitoa kilo ngapi, wangapi walirudi mikono mitupu. Wajibu hiyo hesabu.

Depo haiondoi deni la Leta. Inatuweka wazima ili tulidai.

Mimi sina kazi, nina diploma na wakati. Naleta kopo langu la kwanza. Wewe wa Kasuku, wa Mikelenge, wa Alunguli ng'ambo ya mto, leta lako. Na wewe uliyelala njaa jana: njoo. Hakuna atakayekuuliza kwa nini.