Saa Kumi za Mgeni Zisipotee Bure

Wahenga waliponena kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone, hawakueleza ni mgeni wa siku ngapi. Hata wa saa kumi ni mgeni. Naye tunaye kila siku katika Uwanja wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta: ameshuka kutoka ndege moja akingojea nyingine, amejikunyata kitini, mkoba ameufanya mto, macho yako kwenye saa ya ukutani. Ataondoka akidai kuwa amewahi kufika Kenya, ilhali alichokiona ni kuta na maduka. Nauliza: kwa nini mgeni huyu hafiki Kitengela, mji ulio umbali usiozidi kilomita 30 kutoka alipoketi?

Nawajua watakaonicheka. Watasema Kitengela ni pa kulala tu kwa wafanyakazi wa Nairobi, mji wa majumba ya ghorofa, vumbi na honi za matatu. Sikatai kwamba mji umefura. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kuwa Kaunti ya Kajiado ilikuwa na watu 1,117,840, kutoka 687,312 mwaka 2009, na Kitengela ni miongoni mwa miji iliyobeba mzigo huo. Hata hivyo, wingi wa nyumba haufuti historia ya ardhi zilimojengwa.

Kwanza tupige hesabu, maana haraka haraka haina baraka. Mwenye saa kumi atenge saa moja ya kutoka uwanjani na saa tatu za kuwahi kurudi kabla ya ndege kuruka. Atenge saa mbili za barabarani, kwenda na kurudi kupitia Mlolongo na Athi River, ambako msongamano wa magari hauna adabu. Zimesalia saa nne. Hizo zatosha kula nyama choma bila pupa, kuzungumza na watu na kuyatazama mawanda yaliyo kusini mwa mji. Akitaka kufika Kajiado mjini, kiasi cha kilomita 50 mbele kwenye barabara ya Namanga, saa hizo nne zitapungua hadi mbili. Mwenye saa saba asithubutu. Na akae alipo. Aidha, atakaye kutoka sharti aingie nchini kihalali. Raia wa Uganda na Tanzania wamesamehewa kile kibali cha kielektroniki kilichoanzishwa Januari 2024, lakini wa nchi nyingine na waulize mapema, kabla ya kuanza safari.

Je, ataona nini? Ataona nchi yenye masimulizi, iwapo yupo wa kumsimulia. Uwanja wenyewe wa ndege, uliofunguliwa mwaka 1958 kwa jina la Embakasi, ulijengwa kwa jasho la wafungwa wa wakati wa Hali ya Hatari. Mawanda ya Kajiado ni sehemu ya ile hifadhi ya kusini ambamo Wamaasai walisukumwa kwa mikataba ya mwaka 1904 na 1911, wakaiacha Laikipia kwa walowezi. Kajiado mjini hupita reli ya kutoka Konza kwenda Magadi, iliyojengwa zaidi ya miaka 100 iliyopita kwa ajili ya kusafirisha magadi. Mambo haya yote yamo katika vitabu vya historia, lakini mgeni wa kubadilisha ndege angeweza kuyaona kwa macho yake mchana mmoja.

Hata hivyo, somo kubwa zaidi liko kwenye nyasi. Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946, imezungushiwa ua pande tatu; upande wa kusini uliachwa wazi ili wanyama watoke wakati wa mvua kwenda Kitengela na kurudi wakati wa kiangazi. Ardhi ya Kitengela ilikuwa ranchi ya kikundi, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1968, hadi ilipogawanywa kwa hatimiliki za watu binafsi mwaka 1988. Tangu hapo vipande vimeuzwa, vikagawanywa tena, vikazingirwa kwa seng'enge. Nyumbu waliokuwa wakipita hapo kwa maelfu miaka ya 1970 wamepungua mno. Mwaka 2000 ulianzishwa mpango wa kuwalipa wenye ardhi kwa ekari ili wasiweke ua. Si haki kumlaumu mfugaji aliyeuza shamba ili alipe karo. Lakini si busara kujifanya hatuoni njia ikizibwa.

Hapo ndipo ninapowageukia walimu wenzangu na wanafunzi. Mara kadhaa nimewauliza vijana wa sehemu hizi jina la mto unaoitenga mbuga na mawanda yao, nikajibiwa kwa kimya. Wanaweza kuichora ramani ya mito ya Ulaya, ila ya nyumbani hawaijui. Mwenyeji asiyeijua nchi yake atamwonyesha mgeni nini?

Napendekeza basi zoezi moja ambalo halihitaji fedha wala idhini ya wizara. Kila darasa la Kitengela, Isinya na Kajiado liandike mwongozo wa mgeni wa saa kumi. Hesabu wapime umbali, muda na nauli. Jiografia wachore njia za wanyama na mahali zilipokatizwa na ua. Historia wawahoji wazee, kwa heshima na subira, kuhusu ranchi ilivyogawanywa. Kiswahili waandike maelezo hayo kwa lugha safi. Mwongozo huo hata usiposomwa na abiria hata mmoja, utakuwa umesomwa na aliyeuandika.

Wapo watakaosema kwamba kazi hii ni ya serikali, na kwamba Singapore huwatembeza bure abiria wanaongoja ndege. Ni kweli, na serikali za kaunti na taifa zingefanya vyema kuiga mfano huo. Lakini usafiri wa bure hauna maana ikiwa mgeni atashushwa mbele ya ghorofa kama zile alizoziacha kwao. Kinachoitofautisha Kitengela na miji mingine iliyo karibu na viwanja vya ndege ni uwazi ule wa kusini, na uwazi huo unazidi kufinyika mwaka hadi mwaka. Tuujue sasa, tuusemee sasa, ungali upo. Mgeni wa saa kumi atakwenda zake. Sisi ndio tutakaobaki na ardhi hii, ikiwa na nyasi au ikiwa na seng'enge.