Aliyelala Tunamjua, Aliyebeba Je?

BARAZANI
Na Bi Kidawa

Kikapu kimejaa tena. Wasomaji wa zamani mnakijua: kile cha ukindu nilichorithi kwa mama, kilichobebea dagaa miaka ishirini kabla ya kuanza kubebea maswali yenu, na ambacho mpaka leo mvua ikinyesha kinanikumbusha kazi yake ya kwanza. Wiki hii nimehesabu maswali kumi na manane. Kumi na moja yanauliza jina la Bagamoyo lina maana gani. Manne yanauliza nauli. Mawili yanauliza kama mimi bado nipo hai, ahsanteni, nipo. La mwisho ni la bwana wetu wa Kibaha, ambaye tangu nianze safu hii hajawahi kukosa wiki, hata ile wiki ya msiba wake. Anaandika: "Bi Kidawa, nataka kuwapeleka wanangu Bagamoyo. Nipande gari wapi, nile wapi, na Livingstone alilala nyumba ipi hasa, tupige picha?"

Siku nyingine ningemjibu kwa upole. Lakini swali lake limenikuta nimetoka Bagamoyo Jumamosi, na upole niliuacha hukohuko chini ya miembe.

Nilikwenda kwenye arobaini ya mjomba. Nilipanda gari Makumbusho alfajiri, nikakaa dirishani, goti langu (mnalijua nalo) likibanwa na ndoo ya mama mmoja aliyeshuka Kerege bila kusema hata pole. Mapinga, Kerege, Zinga, Kiromo, tukafika. Kisomo kikasomwa, pilau ikaliwa, wanaume wakaanza kubishana mambo ya mpira kama kawaida ya wanaume wakishiba msibani. Nikaona ninyooshe goti. Nikatembea mpaka kwenye ile barabara ya miembe inayoelekea misheni, kule Mapadre wa Roho Mtakatifu walikoweka makazi yao mwaka 1868.

Pale nikakuta watu wa ofisi moja kutoka Dar es Salaam, wote wamevaa fulana za njano zenye maandishi mgongoni. Walikuja na mwongozaji wao wenyewe, kijana mtanashati, kipaza sauti amekifunga shavuni kama mtangazaji wa mnada. Anaonyesha mnara wa kanisa la zamani. "Hapa, ndugu zangu, ndipo alipolala Dakta David Livingstone!" Simu zote juu. Dada mmoja akauliza, "Kumbe alikuwa anakaa huku?" Kijana hakusita: "Alikuwa anapapenda sana Bagamoyo."

Nilimeza mate. Livingstone hakuwahi kukanyaga Bagamoyo akiwa hai. Safari yake ya mwisho aliianzia Mikindani mwaka 1866, akapotelea bara, na Bagamoyo aliletwa amekufa, amefungwa kama mzigo. Alilala, ni kweli. Hata mjomba wangu sasa hivi amelala.

Nikajisogeza. "Mwanangu, huyo maiti alifikaje hapa?"

"Shikamoo, bibi. Waliomleta ni watumwa wake." Kisha akageuka, akapiga makofi mawili: "Haya, jamani, picha ya pamoja, halafu tukale pweza!"

Watumwa wake. Maneno mawili, na hakuna fulana ya njano hata moja iliyoshtuka. Wamelipa nauli, wamelipa mwongozaji, na kuna mtu ofisini kwao aliyeandika maombi ya fedha za safari hiyo yenye neno "kujifunza", wanarudi nyumbani na maneno mawili ya uongo na harufu ya pweza.

Sasa nikae nieleze, kwa kuwa kijana hakuningoja. Livingstone alikufa Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Hakukuwa na mzungu mwenzake hata mmoja. Waliokuwapo ni watu waliomfuata: Abdalla Susi wa Shupanga, kule mto Zambezi, James Chuma, Myao aliyekombolewa utumwani angali mtoto, Jacob Wainwright, aliyesomeshwa India katika shule ya waliokombolewa, na wenzao, jumla yao watu 60 na zaidi. Wangeweza kumzika pale na kwenda zao. Nani angewauliza? Wakakaa kikao, wakaamua arudishwe kwao. Farijala, aliyewahi kumtumikia daktari Unguja na kuona anavyofanya kazi, akampasua. Moyo na matumbo wakavizika chini ya mti wa mpundu, mwili wakautia chumvi, wakauanika juani wiki mbili, wakauviringisha kwa nguo, magome na turubai.

Kisha wakatembea. Miezi tisa, zaidi ya kilomita 1,500. Unyanyembe, karibu na Tabora, walimkuta Mwingereza Cameron na msafara wake, akawashauri wamzike hapohapo waache kujisumbua. Wakamkatalia. Watumwa gani hao, wanaomkatalia mzungu uso kwa uso na kuendelea na safari? Mbele kidogo wakasikia kwamba njiani hakuna atakayeruhusu maiti ipite. Wakafanya jambo ambalo lingemtoa jasho hata ofisa forodha wa leo: mwili wakaufunga upya, mfano wa robota la nguo za biashara, na kando wakatengeneza "maiti" nyingine ya mabua, wakaituma nyuma mbele ya macho ya watu, ionekane Livingstone anarudishwa kuzikwa Unyanyembe. Kumbe robota linasonga mbele pwani, taratibu, mabegani.

Februari 1874 wakaingia Bagamoyo. Mwili ukalala misheni, ukavushwa Unguja, ukapelekwa Uingereza, ukazikwa Westminster Abbey mwezi wa nne kwa heshima zote. Na wabebaji? Wakapewa mishahara yao, wakaambiwa kwaherini. Jacob Wainwright peke yake ndiye aliyefuatana na jeneza. Chuma na Susi walifika Uingereza maziko yamekwisha.

Na katika msafara ule alikuwamo mwanamke mmoja, Halima, mpishi wa Livingstone. Watu wanakula kila siku, hata wenye kubeba maiti ya mtu mashuhuri. Katika miaka yote ya kikapu hiki sijapata swali hata moja la Halima alipika nini. Nimeulizwa Livingstone alikunywa chai ya aina gani. Mara tatu.

Haya, la jina nalo tulimalize, kisha nisilisikie mpaka Ramadhani ijayo. Mnataka Bagamoyo iwe "bwaga moyo", mahali mtumwa alipouacha moyo wake kabla ya kupandishwa jahazini. Ni kisa kinacholiza, na kinawapendeza wageni, ndiyo maana kinasimuliwa. Lakini ninyi ni Waswahili. Jiulizeni katika lugha yenu: mtu akibwaga mzigo anafanya nini? Anapumua. Mwenye kubwaga ni mwenye kubeba. Mnyamwezi aliyetoka bara na pembe begani, kilo 30 na zaidi, miezi kadhaa kumfuata kirangozi na ngoma yake, akiiona bahari hapa anabwaga mzigo na moyo pamoja. Moyo umetua. Jina hili ni la wapagazi. Mtumwa hakuwa na cha kubwaga. Hata mnyororo alifunguliwa na mwingine. Na kwamba watumwa walipita hapa, walipita, na uchungu wao ni wa kweli. Hauhitaji kughushiwa kamusi. Atakayeleta tena swali la moyo, kikapu kitalipokea, na kitalinukisha dagaa.

Mnaona sasa ugonjwa wenyewe? Kila swali lenu ni la aliyepita. Nani alipita, alilala wapi, alisema nini kutuhusu. Malindi watu wanapanga foleni kwenye nguzo ya Vasco da Gama, aliyetia nanga pale mwaka 1498 siku chache tu, na mpaka leo wanasimulia kwamba aliyemwongoza kwenda India ni bingwa wa bahari Ahmad ibn Majid, kisa ambacho wanahistoria wengi wamekikataa. Kilwa wanaulizia Ibn Battuta alisema nini mwaka 1331, mgeni wa safari moja, wakati wamesimama ndani ya Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, vyumba zaidi ya 100 na birika la pembe nane, na hawaulizi ni mikono ya nani iliyochonga matumbawe yale. Kaole, mwendo mfupi tu kutoka mjini Bagamoyo, kuna misikiti na makaburi ya nguzo ya karne nyingi kabla Livingstone hajazaliwa, nguzo zilizopachikwa bakuli za Kichina. Fulana za njano hazikwenda Kaole. Kaole hakulala mzungu.

Sababu ninaijua, wala sihitaji utafiti. Tumefundishwa historia ya pwani kama daftari la wageni la hoteli: jina, tarehe ya kufika, tarehe ya kuondoka. Aliyefagia chumba hayumo daftarini. Na mwongozaji anasema kile kinachouzika, nanyi mnanunua, kisha mnakuja kunililia mimi kwamba vijana hawajui walikotoka.

Nikarudi msibani nimevimba. Nikamkuta mama mdogo uani, anakosha masufuria, nikamwagia hasira zote: kijana, kipaza sauti, watumwa wake. Naye, bila kuinua uso, akasema, "Kwani babu yetu mkubwa naye si alishuka na pembe?"

Nilijua hilo. Sote tunajua, ingawa kwenye harusi tunapenda kujiita Washomvi wa pwani, kana kwamba tulikuwa na majumbe ukoo mzima. Babu wa mama alitoka bara na msafara, akabwaga mzigo, akaoa, hakurudi. Kisa chetu kinaishia hapo. Nikauliza, kwa sauti ileile ya kumfundisha mwongozaji: "Alitoka kijiji gani? Jina lake la kwao, kabla hajawa Salum, aliitwa nani?"

Mama mdogo akaacha sufuria. "Mwanangu, umechelewa. Aliyekuwa anajua ndiye tuliyemsomea asubuhi."

Mjomba. Miaka yote ile nilikuwa nakwenda kwake Idi kwa Idi, nakula vitumbua vyake, namsimulia mambo ya Chuma na Susi, na yeye ananisikiliza kwa adabu ya watu wa zamani. Mzee yule hakunikatiza hata mara moja. Nami sikumpa nafasi.

Basi, bwana wa Kibaha, majibu yako haya hapa. Gari panda Makumbusho, ukae upande usio na jua, na ukiona ndoo inakuja, hama. Boma la Wajerumani la mwaka 1897 utaliona bila kuonyeshwa. Wao wenyewe makao yao makuu walikuwa wameshayahamishia Dar es Salaam mwaka 1891, kwa hiyo usimwachie mwongozaji awaambie watoto kuwa nchi ilitawaliwa kutoka humo. Nenda misheni, tazama mnara, waeleze wanao kwamba alipolazwa mzungu aliyekufa, nje walikaa watu 60 wenye miguu iliyovimba, na mmoja wao alikuwa Halima, na jioni ile mtu alilazimika kuinjika chungu. Nenda Kaole. Pweza wapo soko la samaki, pwani, na bei usiniulize.

Kuhusu Livingstone kulala nyumba ipi hasa, sikujibu. Kabla ya safari pita kwa mzee wako mwenye umri mkubwa kuliko wote aliyebaki hai, muulize yeye kwanza. Nauli ya kwake wewe unaijua, na hakuna foleni.

Nami wiki ijayo sitaandika. Mama mdogo ametimiza miaka themanini na mbili, nimemwahidi kumkoshea masufuria, na safari hii mwenye kuongea ni yeye.