Kilwa Isiyo na Wenyewe



Sisi tunaishi Kakamega, mwendo wa usiku kucha na zaidi kutoka bahari ya wazee wetu. Majuzi mwanangu wa miaka 13 aliniita kwenye kompyuta kwa furaha: "Mama, nimeijenga Kilwa!"

Mchezo wenyewe ni Civilization VI, uliotoka mwaka 2016, ambamo mchezaji huongoza taifa tangu enzi za kale hadi zama hizi. Niliketi kando yake. Nikaiona Zanzibar nayo imo, mji mdogo unaompa mlinzi wake karafuu na mdalasini hata katika enzi za kale. Nikamweleza kuwa karafuu ililetwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na Seyyid Said ndiye aliyeyaeneza mashamba yake. Hilo tulilicheka pamoja.

La Kilwa halikunichekesha. Kilwa Kisiwani, iliyoongezwa mwaka 2018, humo si mji wenye watu. Ni jengo la ajabu ambalo taifa lolote laweza kulisimamisha ufuoni mwake. Mwanangu alikuwa akiiongoza Uingereza, basi Kilwa ikawa ya Waingereza.

Nikamsimulia. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akaukuta mji wa Waislamu chini ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyepewa lakabu ya Abu al-Mawahib, Baba wa Vipawa, kwa ukarimu wake. Dhahabu ya Sofala ilipitia mikononi mwa wafanyabiashara wake. Msikiti wake mkuu wa mawe ya matumbawe ungali pale. Mwaka 1505 Wareno wa Francisco de Almeida waliuteka mji huo, kisha wakaichoma Mombasa.

Akanyamaza kidogo. "Kumbe ilikuwa na wenyewe," akasema.

Dada zangu, mtoto wa Lamu hupita kando ya kuta za kale akienda chuoni, na nyanya yake humsimulia. Wetu wa bara hana kuta hizo. Kilwa aijuayo ni ya kwenye kioo. Sikumnyima mchezo, kwani ndio uliomfundisha jina lenyewe. Ila tusiwaache peke yao. Tuketi nao japo robo saa, tuwaulize: hapa waliishi akina nani? Mwacha asili ni mtumwa, na mtoto hawezi kuishika asili asiyoambiwa.