Kuku wa ploti moja wapewe dawa ya minyoo siku moja

Ikiwa unafuga kuku wa kienyeji huko Gatwekera, Lindi au Makina mtaani Kibera, ama Gatina na Kabiro kule Kawangware, huenda umewahi kununua dawa ya minyoo, ukawapa kuku wako, na baada ya miezi miwili wakakonda tena. Wengi husema dawa ilikuwa bandia. Maoni yangu ni kwamba mara nyingi lawama si ya dawa. Tatizo ni kutibu kuku watano katika ploti yenye kuku ishirini.

Hebu tuangalie jinsi ugonjwa huu unavyoenea. Mnyoo mkubwa wa kuku, ambao wataalamu huuita Ascaridia galli, huishi katika utumbo mwembamba. Mayai yake, ambayo hayaonekani kwa macho, hutoka na kinyesi. Penye joto na unyevu, huwa tayari kuambukiza baada ya wiki mbili au tatu, na yanaweza kukaa udongoni miezi mingi. Kuku akichakura na kuyameza, minyoo hukua tumboni mwake na baada ya wiki 5 hadi 8 huanza kutaga nayo. Tegu nao huletwa na sisimizi na mbawakawa ambao kuku hula.

Sasa fikiria ploti zetu. Uwanja ni mmoja, mtaro ni mmoja, na kuku wa nyumba zote hushinda pamoja. Kuku wako aliyemeza dawa asubuhi huchakura kinyesi cha kuku wa jirani jioni. Minyoo haijui kuku ni wa nani.

Ndiyo maana nasema wapangaji wakubaliane siku moja, wachange pesa, wanunue dawa pamoja na kuwapa kuku wote. Faida ya pili ni kipimo. Pakiti moja mara nyingi hutosha kuku wengi kuliko ulionao, nawe hulazimika kukisia kiasi kwa ncha ya kijiko. Dawa kidogo haiui minyoo yote, nayo iliyobaki huweza kuwa sugu. Mkiwa pamoja, mnaweza kukadiria uzito wa kuku wote na kuchanganya dawa kama maelezo yanavyosema.

Wakati gani unafaa? Wafugaji wengi hushauriwa kutoa dawa kila baada ya miezi mitatu. Kwa Nairobi, miezi ya Machi, Juni, Septemba na Desemba ni rahisi kukumbuka, kwani huzunguka mvua ndefu za Machi hadi Mei na zile fupi za Oktoba hadi Desemba, wakati unyevu unapoyafaa mayai ya minyoo. Vifaranga waanze wakiwa na umri wa miezi miwili hivi, kwa sababu wao ndio huumia zaidi. Mitamba ipewe wiki chache kabla ya kuanza kutaga.

Jinsi ya kutoa dawa ni jambo linalosahaulika. Kuku wetu hunywa maji ya mtaroni, kwa hivyo ukiweka dawa katika bakuli mchana, wengi hawataigusa. Wafungie usiku bila maji. Alfajiri, kabla ya kuwafungulia, wape maji yenye dawa watakayomaliza kwa saa chache. Aliye dhaifu asubuhi hiyo anyweshwe peke yake. Kisha, siku ile ile na siku zinazofuata, fagia kinyesi chote bandani na uwanjani, ubadilishe maranda na uinue chombo cha chakula kutoka chini. Bila usafi huo pesa zenu zimepotea.

Uliza pia dawa inaua nini. Piperazini huondoa ule mnyoo mkubwa, lakini si tegu. Wala si kila kuku aliyezubaa ana minyoo. Kifaranga anayehara damu huenda ana koksidiosisi, na kuku wengi wakifa kwa siku chache, shuku kideri, ambacho kinga yake ni chanjo. Katika hali hiyo peleka mzoga ukapasuliwe kwenye Kitivo cha Tiba ya Mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi kule Kabete, si mbali na Kawangware. Tena usiogope kumwuliza afisa wa mifugo: tangu 2015 Kaunti ya Nairobi ina sheria ya kukuza na kusimamia kilimo cha mjini.

Jambo la mwisho linahusu afya yako. Soma kwenye pakiti ni siku ngapi mayai na nyama havifai kuliwa baada ya dawa. Dawa hutofautiana, na nyingine haziruhusiwi kabisa kwa kuku wanaotaga. Yai unalouza kwa kioski siku hizo huenda likaliwa na mtoto wa jirani yako. Ploti ikikubaliana siku ya dawa, ikubaliane pia siku ya kuanza tena kuuza mayai.

Usidhani, hata hivyo, kwamba kuku ndiye anayewapa watoto minyoo ya tumbo. Minyoo ya kuku haihamii kwa watu. Ile ya watoto hutokana na kinyesi cha binadamu, na dawa yake ni vyoo na maji safi. Lakini kinyesi cha kuku hubeba salmonela, inayoleta kuhara, kwa hivyo nawa mikono kwa sabuni kila umalizapo kuwashughulikia.

Mwezi wa dawa unapokaribia, gonga mlango wa jirani kabla ya kwenda agroveti. Kidole kimoja hakivunji chawa.